Moto Usiofika Kwenye Moshi: Mafunzo Kumi ya Kifukizio cha Mkononi

Bibi mzaa mama aliishi Nyandira, Mgeta, upande wa magharibi wa milima ya Uluguru, mahali ambapo mwezi wa Julai mtoto halali bila blanketi mbili. Nikipelekwa kwake likizo na mafua yangu, hakuuliza maswali. Alitia majani ya mkaratusi na mchaichai kwenye chungu, akakifunika kwa jani la mgomba na kuchochea kuni. Chungu kikianza kuunguruma alikiepua, akakiweka chini na kukaa kando yake kimya. Baada ya muda ndipo aliponiita: "Mume wangu, njoo sasa." Nikainama, shuka likanifunika, na pua yangu ikafunguka kama mlango.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba kazi yote ilifanywa na majani. Leo nina miaka 58, nafundisha sekondari mjini Morogoro na naishi Bigwa, chini ya milima ileile, na nimetambua kwamba nusu ya kazi ilikuwa katika ule muda wa kimya kati ya kuepua na kufunua. Bibi alikuwa anapima moto.

Jambo hili nimefundishwa na kifaa kidogo cha Kizungu. Mwaka 2022 kaka yangu anayeishi Hamburg aliniletea kifukizio cha mkononi: kitu cha ukubwa wa tochi, chenye betri, chumba kidogo cha kutilia majani makavu na mdomo wa kuvutia hewa. Kinapasha majani bila kuyachoma, harufu na mafuta yake yakatoka pamoja na hewa. Nimekitumia miaka kadhaa sasa, nikakosea, nikasahihisha. Haya ndiyo mafunzo niliyopata.

1. Mvuke wa maji, harufu ya majani na moshi ni vitu vitatu tofauti

Mwaka 2020, Rais John Magufuli alipohimiza kujifukiza hadharani, "kupiga nyungu" likawa neno la kila nyumba. Wengi tulichanganya mambo. Tulidhani kila kinachopanda kutoka kwenye majani ni kitu kilekile.

Nyungu hutoa mvuke wa maji uliobeba mafuta ya jani. Sineoli, ambayo ndiyo harufu kuu ya mikaratusi mingi, huchemka kwenye nyuzi za Selsiasi 176, lakini mvuke wa maji huichukua ikiwa bado chini ya kiwango hicho. Ndiyo maana chungu cha bibi kilifaa ingawa maji ya Nyandira, kwenye mwinuko wa mita kama 1,600, huchemka yakiwa na nyuzi zipatazo 95 tu. Kifukizio cha mkononi hakina maji. Hewa moto peke yake ndiyo inayotoa mafuta, nayo ni hewa kavu. Moshi ni jambo la tatu: jani limeungua, na ndani yake kuna lami na gesi ya kaboni monoksaidi, hata kama jani hilo ni la mchaichai uliopandwa na mama yako mwenyewe.

Kwa hiyo nilijifunza kujiuliza kwanza nataka nini. Koo likiwa limekauka, hewa kavu ya kifaa hulizidishia ukavu, na hapo kikombe cha chai ya tangawizi ni bora zaidi. Pua ikiwa imeziba na nahitaji kufanya kazi yangu, basi pumzi mbili za mkaratusi hunitosha.

2. Lijue jani kabla ya kukijua kifaa

Wiki ya kwanza nilikuwa kama mtoto aliyepata mwanasesere. Nilitaka kujaribu kila kilichoota uani. Aliyenizuia ni mama mkubwa, aliyebaki Nyandira baada ya bibi kufariki. Aliniambia maneno mafupi: "Mwanangu, tumbo hutapika, mapafu hayatapiki."

Alikuwa na sababu. Kando ya njia nyingi za Morogoro huota mnanaha, mmea wenye ua jeupe kama tarumbeta na tunda la miiba. Karne ya 19 majani yake yaliuzwa Ulaya na Marekani ndani ya sigara za pumu, maana yana atropini, ambayo hulegeza njia za hewa. Lakini atropini hiyohiyo huufanya moyo uende mbio, hukausha mdomo na kumfanya mtu aone yasiyokuwapo, na kipimo chake hubadilika kutoka mmea mmoja hadi mwingine. Watu wamekufa kwa mmea huo. Kwamba jani liliwahi kuitwa dawa hakulifanyi kuwa salama mkononi mwangu.

Leo natumia matatu tu: mkaratusi, mchaichai na kivumbasi. Nimekua nayo, nayatambua gizani kwa harufu, na hata hivyo nayatumia kwa uchache. Kivumbasi na jamii yake vina heshima yake Afrika Mashariki. Kule Kakamega, Kenya, wakulima wa kikundi cha Muliru wanaoishi jirani na msitu hulima aina mojawapo, *Ocimum kilimandscharicum*, wakakamua mafuta yake kwa mvuke na kuyatengenezea dawa ya kupaka iitwayo Naturub, kwa msaada wa kituo cha utafiti cha ICIPE. Mwaka 2010 kikundi hicho kilipata Tuzo ya Ikweta. Walianza kwa kulijua jani, kisha wakatafuta mtambo.

3. Mahali palipochumwa jani ni sehemu ya jani

Mgeta hulisha masoko ya Morogoro na Dar es Salaam kwa kabichi, karoti na nyanya. Mboga hizo hupigwa dawa za wadudu, na upepo wa mlimani hauheshimu mpaka wa shamba. Mkaratusi ulio ukingoni mwa bustani ya kabichi hupokea dawa ileile. Ukiosha mboga na kuipika, sehemu ya dawa huondoka. Ukipasha jani lenye dawa na kulivuta, umeipeleka dawa mahali ambapo hakuna ini la kuisubiri mlangoni.

Siku hizi sichumi jani lililo karibu na bustani ya mtu wala kando ya barabara kuu ya kwenda Dar, ambako malori huacha masizi kwenye kila kilicho kijani. Sichumi pia ndani ya hifadhi. Msitu wa Uluguru ulitangazwa kuwa hifadhi ya mazingira mwaka 2008, na mto Ruvu unaowanywesha watu wa Dar es Salaam unaanzia huko. Mchaichai wangu umeota mstari mmoja nyuma ya jiko, kivumbasi kiko kwenye ndoo mbovu. Hivyo vinatosha nyumba nzima na majirani wawili.

4. Kukausha ni nusu ya kazi

Jani bichi halifai kwenye kifaa hiki. Maji yaliyomo hutoka kwanza, yakiwa mvuke wa kuunguza midomo, na chumba hubaki kimelowa. Nililijua hilo kwa lengelenge la mdomo lililonikalia siku nne.

Nikakimbilia jua. Nilianika mchaichai juu ya bati saa sita mchana, jioni ukawa mkavu kama nyasi za kuezekea, na harufu yake pia ilikuwa ya nyasi. Mafuta yale mepesi yalikuwa yamekwenda na jua. Mama mkubwa alicheka, akanionyesha dari ya jiko lake: mafungu madogo yamening'inia kichwa chini, kivulini, hewa ikipita. Nyandira wiki moja hutosha wakati wa kiangazi. Mambo ni magumu zaidi kwa ndugu zetu wa Kinole na Matombo, upande wa mashariki unaopokea upepo wa bahari na mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka. Huko jani linaweza kuota ukungu kabla halijakauka.

Ukungu ndio ninaouogopa kuliko vyote, kwa kuwa mbegu zake huweza kuota ndani ya kifua kilichodhoofika. Kipimo changu ni sikio: jani likikunjwa livunjike kwa mlio. Kisha huingia kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko, tarehe imeandikwa juu. Likinuka kama chumba kilichofungwa siku nyingi, hulitupa lote bila kuchambua.

5. Wakati wa kununua, fuata njia ya hewa kwa kidole

Kabla ya zawadi ya kaka nilikuwa nimeshanunua kifaa cha bei rahisi kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni. Kilipopata moto kilitoa harufu ya ndala iliyoungua. Nilijaribu kukizoea kwa siku mbili, na hilo najutia, kwa sababu pua yangu ilinionya nami nikaibishia.

Sasa mtu akinionyesha kifaa, nakifungua na kufuata njia ya hewa kwa kidole: inaingilia wapi, inapita kwenye nini, inatokea wapi. Chumba cha majani kiwe cha kauri au chuma cha pua. Mdomo uwe wa kioo au kauri. Hewa isipite juu ya gundi, plastiki laini wala nyaya. Kisha natazama kinavyopasha. Viko vinavyopasha majani kwa kuyagusanisha na ukuta wa moto, kama karanga kwenye kikaango. Vinapata moto upesi, lakini ukisahau kukoroga, yale ya chini huungua na ya juu hubaki mabichi. Viko vinavyopitisha hewa moto katikati ya majani. Hivyo huwa ghali zaidi, na joto lake huenea sawasawa. Changu ni cha aina ya kwanza, kwa hiyo nimejifunza kusaga majani kiasi, si kuyafanya unga, kujaza chumba bila kushindilia, na kukoroga katikati.

La mwisho, kiwe na namba za nyuzi. Kifaa chenye taa tatu tu za rangi hakikuambii ukweli.

6. Anza chini, na uwe na subira

Nilianza na nyuzi 200, kwa fikra kwamba moto mkubwa hutoa dawa nyingi. Nilichopata ni kikohozi. Majedwali ya watengenezaji wa Ulaya huweka mkaratusi karibu na nyuzi 130, kamomili na thaimu karibu na 190. Karibu na nyuzi 230 jani kavu huanza kuungua, na hapo kifaa kimekuwa kiko cha kawaida chenye betri.

Kwa hiyo mkaratusi wangu huanza na 120. Nasubiri dakika moja baada ya kifaa kusema kiko tayari, maana ukuta hupata joto kabla ya majani. Navuta hewa polepole, kama mtu anayenusa ua, si kama mvutaji wa sigara. Harufu ikiwa hafifu naongeza nyuzi tano. Majani yakitoka yana rangi ya majani ya chai, nimefanya sawa. Yakitoka meusi, nimezidisha.

Siku niliyoelewa hili nilimkumbuka bibi ameketi kando ya chungu, kimya. Alikuwa anashusha joto hadi pale ngozi ya mtoto inapolistahimili. Hakuwa na namba. Alikuwa na mkono wake juu ya jani la mgomba, na huo mkono ndio uliokuwa kipimajoto.

7. Kuna vifua ambavyo havistahili kuguswa

Mwenye pumu asijaribu. Harufu kali ya mkaratusi inaweza kubana njia za hewa badala ya kuzifungua, na mwenye pumu ana dawa yake ya kuvuta iliyopimwa na daktari. Mjamzito aache. Mtoto asiguse kabisa, na mafuta ya mkaratusi yafungiwe mbali naye, kwani kijiko kimoja akikinywa kinaweza kumtia degedege.

Nyungu nayo ina hatari yake. Watoto wengi wameungua kwa chungu au sufuria iliyopinduka chini ya blanketi. Nyumbani kwangu hakuna mtoto anayeingia ndani ya shuka na maji ya moto. Mafua yakimshika, bafu likijazwa mvuke akiwa amepakatwa nje ya maji, au maji ya chumvi puani, hutosha.

Nami mtu mzima nimejiwekea mpaka: pumzi mbili au tatu, mara moja kwa siku, siku tatu mfululizo zisizidi. Wachambuzi wa Cochrane waliokusanya tafiti kuhusu kuvuta hewa moto yenye unyevu kwa ajili ya mafua hawakuona faida iliyothibitika. Nafuu ninayoipata ni ya kweli kwangu, lakini ni nafuu ya saa moja. Kuiita tiba ni kumdanganya anayenisikiliza.

8. Kifaa kichafu ni jani bovu

Baada ya wiki chache mafuta hugandamana kwenye chujio na mdomo, meusi na ya kunata. Ukiyaacha, yatapashwa tena na tena pamoja na majani mapya. Kila Jumamosi natoa chujio, nalifuta kwa spiriti ya hospitali kwa pamba, naliacha likauke kabisa mpaka spiriti yote iishe, kisha nawasha kifaa kitupu nje ya nyumba kwa dakika chache. Mdomo nauosha kwa maji ya moto na sabuni. Na mdomo hauazimwi. Mafua na mengine hayahitaji mwaliko.

Betri za lithiamu nazo zina adabu zake. Sichaji kifaa kitandani wala kando ya pazia. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, nachomoa kwanza. Betri iliyovimba haitumiki tena hata siku moja. Na kaka yangu alipokileta alikibeba kwenye mkoba wa mkononi ndani ya ndege, kama mashirika ya ndege yanavyotaka kwa vifaa vyenye betri za aina hiyo.

9. Sema wazi unachotia ndani

Siwezi kuzunguka jambo hili. Ulaya wengi hununua vifaa hivi kwa ajili ya bangi. Ujerumani iliruhusu watu wazima kuitumia kuanzia Aprili 2024. Hapa kwetu Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 inaikataza, na nimewaona vijana niliowafundisha wakiharibikiwa maisha kwa ajili yake, wengine kwa akili kuyumba, wengine kwa kifungo.

Kwa hiyo sikifichi kifaa changu, na sikitumii mbele ya wanafunzi. Majirani waliponiuliza, niliwafungulia chupa wakanusa wenyewe mchaichai. Kijana mmoja alipokuja usiku kuniomba nimwazime "kwa kazi nyingine", nilimkaribisha chai, tukazungumza mpaka saa nne. Kifaa sikumpa.

10. Kikohozi cha wiki mbili hakifukizwi

Mwaka jana mjomba wangu, mkulima wa kabichi, alishuka kutoka Nyandira. Alikuwa amekonda. Alisema amesikia nina mashine ya Ulaya ya kufungua kifua, akanyoosha mkono.

Kwetu Waluguru ukoo hufuata upande wa mama, na neno la mjomba ni zito. Kumkatalia ni jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Nilimuuliza kikohozi kina muda gani. Akasema tangu mavuno ya viazi. Nilihesabu: wiki sita.

Nilimwambia, "Shikamoo tena mjomba, na unisamehe. Hiki sikupi. Kesho tunakwenda hospitali." Alinyamaza usiku mzima, nami sikulala.

Morogoro ni mji wa watu wanaojua thamani ya pua. Kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa makohozi na kutambua kifua kikuu. Panya mmoja hupitia sampuli 100 kwa dakika kama 20, na hugundua wagonjwa waliopita bila kuonekana kwenye darubini za vituo vya afya. Mjomba hakuhitaji hata panya. Sampuli yake ya kwanza ilionyesha ugonjwa. Alianza vidonge wiki hiyohiyo, akavimeza miezi sita bila kuruka siku, na sisi wa nyumbani tukapimwa pia.

Nawaza mara nyingi ingekuwaje kama ningempa kile kifaa. Mkaratusi ungemfungua pua, angejisikia nafuu, angerudi mlimani na nafuu yake, akawapumulia wajukuu. Harufu nzuri ingekuwa pazia mbele ya ugonjwa.

Alipomaliza dawa nilipanda Nyandira kumtazama. Baridi ilikuwa kali, nami nilikuwa na mafua ya safari. Kifaa kilikuwa mkobani, betri imejaa. Mjomba aliniona ninavyopenga kamasi, akaingia jikoni kwa mama mkubwa bila kusema kitu. Akatoka na chungu, akakiepua, akakiweka chini kati yetu. Nilinyoosha mkono kufunua lile jani la mgomba. Akanishika kifundo.

"Subiri kidogo," alisema.

Tukasubiri wote wawili.